Hatimaye nimechagua

Jamani, ubishi wa kuunda kompyuta yangu ya gemu umeisha leo.
Prosesa ni Ryzen 7 7800X3D, mazabodi (ubao mkuu) ni ya aina ya B650.

Kaka yangu alishikilia mazabodi ya X670, yenye nafasi ya vifaa vingi zaidi. Ya nini? Kadi ya picha ninayo moja tu, na kazi yangu ni gemu. Hiyo prosesa ina MB 96 za kashe ya L3 (kumbukumbu ya kasi ndani yake), na gemu ndicho zinachokipenda.

Ila kilichonitoa jasho ni soketi ya AM5, pale prosesa inapokaa.
Pini 1,718, nyembamba mno, na zote ziko kwenye mazabodi, si chini ya prosesa kama soketi ya zamani, AM4.
Nikabana pumzi. Nikashusha kile kishikio, kikalia krrr!
Moyo paaa 😅

RAM ni DDR5, AM5 haikubali aina nyingine, hapo hakuna mjadala.

Sasa kipoozaji: feni au maji? Nishaurini.