Mikono Iliyomlea Angella

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimeelemewa. Watoto wa marehemu dada yangu wanarudi shule, karo haijatimia, na yule mkubwa alinijibu neno lililonichoma hadi nikajifungia chumbani. Wagalatia 6:9 inatuambia tusichoke katika kutenda mema. Mimi nilikuwa nimeshachoka.

Ndipo nikamkumbuka Angella Okutoyi, binti yetu mcheza tenisi. Hamjasahau Julai 2022, picha zake zilivyojaa kwenye simu zetu. Fainali ya Wimbledon ya wasichana chipukizi, wawili kwa wawili, yeye na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi dhidi ya Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko. Seti ya kwanza walishindwa 3-6, ya pili wakashinda 6-4, wakamalizia kwenye taibreki, ile ya pointi za kuamua mshindi, 11-9. Binti wa miaka 18, Mkenya wa kwanza kutwaa taji la Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya tenisi duniani! Baadaye akaenda kusoma na kucheza Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, na Machi 2024 akatuletea dhahabu ya Michezo ya Afrika kutoka Accra.

Tulishangilia, na ilikuwa haki. Ila mimi moyo wangu uko kwa nyanya yake.

Mama yao alifariki akiwajifungua mapacha, Angella na Roselida, mwaka wa 2004. Nyanya akawachukua. Alikuwa msafishaji katika shule ya Loreto Convent Valley Road, Nairobi, wakaishi kwenye makazi ya wafanyakazi, na humo shuleni ndimo watoto walimoshikia raketi, mjomba wao akiwafundisha. Mama huyu alikuwa amemzika binti yake mwenyewe. Yeye ndiye aliyestahili kufarijiwa, lakini usiku kulikuwa na vichanga wawili wa kunyonyeshwa chupa, na asubuhi sakafu za kupigwa deki. Hakuna aliyempigia makofi miaka hiyo. Hakuwa na habari ya Wimbledon, alikuwa na watoto tu. Hata kama Angella asingeshinda mechi hata moja maishani, kazi ya mama huyu ingekuwa kamili mbele za Mungu, Baba wa yatima.

Sasa niseme na sisi kanisa, kwa upendo. Siku ya mazishi tunajaa. Tunaimba, tunapika, tunachanga, tunasema “Mungu atawalea hawa watoto.” Wiki ya pili anabaki nyanya na magoti yake mabovu. Miaka ikipita, mmoja akifaulu tunasimama madhabahuni kusema ni mtoto wa kanisa letu. Ndugu zangu, tulikuwa wapi? Yakobo 1:27 tunaikariri tangu Sunday School, na wajane na yatima wenyewe wanakaa benchi la nyuma tukiwapita kwenda kunywa chai.

Nanyi mnaolea watoto msiowazaa, msizimie roho. Mtoto akikujibu vibaya, kesho mpikie uji kama kawaida. Akipenda mpira, kuchora au kuimba, mwache ajaribu, hata kama huoni itafika wapi.

Jumapili hii, kabla ya kuondoka, kila mmoja amtafute mlezi mmoja. Muulize karo imebaki ngapi, na ni nani atabaki na watoto akienda kliniki. Wazee wa kanisa, tunaomba majina ya nyumba hizo yasomwe kwenye kikao cha Jumatano, tugawane.