Usiandike Bei

Juzi mwanangu wa mwisho alikuwa ananisomea habari za Magawa, yule panya buku aliyezaliwa pale SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, akapelekwa Kambodia kunusa mabomu yaliyozikwa ardhini, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu na Waingereza. Akafika mahali akasimama. "Mama, eti kuna watu Ulaya wanatoa hela kila mwezi kwa ajili ya panya mmoja?" Nikamwambia ndiyo, wapo, na Marekani pia. Apopo, shirika linalowafundisha panya hao, wana utaratibu huo: unachagua panya wako, unatoa kidogo kila mwezi, na wao wanakuletea habari zake. Ameanza mafunzo, ameingia kazini, amestaafu. Akafikiri kidogo, kisha akauliza, "Na wanafunzi, nani anawatolea hivyo?"

Nikamkumbuka bibi wa Nyandira, kule Mgeta.

Wale mliokuwa nami kwenye kamati ya kuwachangia wanafunzi wa SUA mtakumbuka hali ilivyokuwa. Mambo ya kutuma pesa kwa simu hayakuwapo bado. Mchango ulikuwa noti mkononi, kadi ya ahadi na kitabu cha risiti chenye kaboni, na kitabu hicho nilikuwa nalala nacho mimi, mweka hazina. Lengo letu lilikuwa moja tu: kijana anayetoka kwenye familia isiyo na uwezo, akifika Morogoro kusoma kilimo, apate gambuti na ovaroli. Mmoja wetu alikuwa amemwona mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaingia kwenye jaruba la mpunga na kandambili, tope likamvua zote mbili, akaendelea peku. Kwao mkulima ni mtu wa peku. Hakuona ajabu. Sisi ndio tuliona.

Ya Dar es Salaam nitayapita haraka. Ofisi hadi ofisi, barua yenye mhuri, njoo wiki ijayo, bosi amesafiri. Juu ya meza za watu tuliokuwa tunawaomba zilikuwa zimejaa kadi za michango ya harusi, send-off, kipaimara, na zote hizo zililipwa. Wengi walitoa, tena kwa moyo. Ila karibu kila tulipoingia tulikutana na swali lile lile: "Chuo ni cha serikali. Serikali yenyewe iko wapi?" Mwenyekiti wetu, mtu wa misitu, alikuwa na jibu lake. Aliwaambia habari za Mazumbai, msitu wa Usambara Magharibi uliokuwa wa Mswisi mkulima wa chai, akautoa kwa chuo kikuu mwishoni mwa miaka ya 1960, na hadi leo wanafunzi wanajifunza miti humo. Aliwatajia Mazimbu, majengo ambayo ANC, wapigania uhuru wa Afrika Kusini, waliyajenga wakiwa ukimbizini na kuyaacha mwaka 1992 walipopata kurudi kwao, sasa yana vijana wetu. "Chuo hiki," alikuwa anasema, "kimekwisha kupewa vitu na watu wasio serikali, tena wasio Watanzania. Sisi tunaona haya gani?"

Siku aliposema twende Mgeta, juu kwenye milima ya Uluguru, tukawaombe na wakulima, nilipinga. Nilisema hatuwezi kumfuata mtu anayeshuka mlimani na tenga la kabichi kichwani tukamwomba amnunulie viatu msomi. Akaniambia, "Wewe unawaonea huruma. Hujawauliza kama wanaitaka."

Basi tukaenda. Tukaacha barabara ya Iringa pale Sangasanga, tukapita Mlali, pikapu ikaanza kupanda. Aliyezoea joto la Morogoro, mji kasoro bahari, hawezi kuamini kwamba mwendo mfupi vile unamfikisha kwenye ukungu na watu waliovaa makoti. Kabichi, njegere na viazi kwenye matuta yaliyochongwa kama ngazi, na chini yake korongo. Bwana shamba wa kule, ambaye naye alisoma chuo chetu, alikuwa amewakusanya wakulima pembeni mwa soko.

Mwenyekiti akaeleza. Watu wakasikiliza kwa adabu. Wachache wakaja mbele na noti zilizokunjwa mara nyingi, nikaandika, nikachana, nikawapa nakala zao. Kisha akasimama bibi mmoja, mwembamba, kanga mbili na sweta la kiume juu yake. Uluguruni ardhi inakwenda kwa ukoo wa mama, na bibi wa namna ile hasimami kikaoni kwa kuomba ruhusa. Tukamwamkia, shikamoo bibi, akaitikia marahaba upesi upesi kama mtu mwenye jambo.

"Hizo gambuti zitapanda huku?"

Hatukumwelewa. Mwenyekiti akamwomba arudie.

"Nauliza, hao watoto mkishawavisha, watapanda huku, au watavaa huko huko bondeni? Maana wale wa zamani walipanda. Walilala kwangu. Kuna mmoja alikuwa hajui kukamua, anavuta chuchu, mbuzi anampiga teke, maziwa yanamwagika. Nikamshika vidole nikamwonyesha: unabana juu kwanza, kisha unashusha kidole kimoja kimoja. Huvuti. Siku hizi siwaoni. Sasa gambuti zikibaki bondeni, mimi nitakuwa nimemchangia nani?"

Kwa wasiojua: mbuzi wa maziwa wa Mgeta asili yake ni Norwei. Waliletwa miaka ya 1980, na watu wa chuo ndio waliowapandisha mlimani wakawagawia wakulima. Watoto wa kule wakaanza kunywa maziwa, na samadi ikaenda kwenye matuta ya kabichi. Kwa hiyo bibi hakuwa anazungumza na wageni. Alikuwa anadai mgeni aliyekata mguu.

Mwenyekiti akasema tutafikisha ujumbe. Bibi akasema ujumbe hautoshi, tumfuate nyumbani.

Banda lilikuwa nyuma ya nyumba, limeinuliwa juu ya nguzo, sakafu ya fito zilizoachiana nafasi ili kinyesi kidondoke chini. Akamtoa mbuzi jike mmoja, wa kijivu, manyoya marefu kidogo mgongoni, kiwele kimeanza kujaa. Akanishika mkono bila kuniuliza, akaupeleka chini ya tumbo la mbuzi, nyuma kidogo ya kitovu, akaukandamiza hapo. Nikahisi joto, kisha kitu kigumu kikanisukuma kiganja kutoka ndani, kikapotea, kikarudi. "Wawili," akasema. "Huyu huzaa wawili. Mchukueni."

Nikatoa kitabu. Risiti zetu zilikuwa zimechapwa: Nimepokea kutoka kwa. Jumla ya shilingi. Kwa ajili ya. Nikaandika jina lake, nikafika kwenye shilingi, kalamu ikasimama. Mwenyekiti akainama sikioni, "Kadiria. Tuweke thamani yake, hesabu zikae sawa." Bibi akasikia. Hakuwa amesoma sana, lakini alikuwa anaufuata mkono wangu kwa macho, mstari kwa mstari.

"Usiandike bei."

"Bibi, ni utaratibu tu," akasema mwenyekiti.

"Ukiandika bei mtamuuza. Andika mbuzi. Andika ana mimba. Andika jina langu na la mama yangu. Na huko chini andika kwamba nataka kuletewa habari zake."

Nikaikata ile "Jumla ya shilingi" kwa mstari mmoja. Nikaandika: mbuzi jike mmoja wa maziwa, wa kijivu, ana mimba. Pale kwenye "Kwa ajili ya" nikaandika: kufundishia. Kisha ile sharti ya habari. Nikaibonyeza sana kalamu ili kaboni ishike. Akaomba nimsomee yote kwa sauti mbele ya majirani, nikasoma, naye akaitikia kila mstari. Ndipo akamfungua kamba.

Yaliyofuata yalikuwa mengi na nitayafupisha. Kamati iligombana. Wapo waliosema mbuzi auzwe tupate gambuti, ndilo lengo letu kikatiba, na hawakuwa wajinga. Mimi niliishika ile risiti nikasema saini iliyopo ni yangu, na imeandikwa kufundishia. Mwisho mwenzetu mmoja mwenye boma Bigwa akakubali kumfuga, na vijana waliovishwa na mfuko wetu wakawa wanakwenda kwake zamu kwa zamu kujifunza kukamua na kutunza kumbukumbu za maziwa. Alizaa wawili kweli. Majike waliopatikana baadaye tuliwatoa kwa kopa mbuzi, lipa mbuzi, kwenye familia za wanafunzi, kila mmoja na risiti yake isiyo na bei.

Nilipanda Mgeta kumpelekea habari, na nikaendelea kupanda kila nilipopata nafasi. Aliuliza maswali ambayo hakuna mfadhili wa ofisini aliyewahi kuniuliza. Anatoa maziwa kiasi gani asubuhi? Jioni je? Anayemkamua ni wa kike au wa kiume? Amejifunza kutovuta? Wale waliotupa fedha nyingi mjini tuliwaandikia barua ya shukrani mara moja, basi, na tuliporudi mwaka uliofuata wengi hawakutukumbuka. Bibi alitukumbuka kwa sababu alikuwa na kitu chake kwetu kinachoishi. Nadhani watu wa panya buku walilijua hilo mapema kuliko sisi.

Lakini lile swali la ofisini halijanitoka. Bibi yule kila kabichi yake iliyoshuka mlimani ililipiwa ushuru kwenye kizuizi. Alikwisha kukichangia chuo, na barabara, na mshahara wangu mimi, kabla sijamfikia na kitabu changu. Je, tulipompokea mbuzi tulimheshimu, au tulimtoza mara ya pili? Mwenyekiti alikuwa na uhakika. Mimi kuna siku naona alikuwa sahihi na kuna siku sioni. Najua tu kwamba bibi mwenyewe, nilipomwuliza, alikasirika. Aliniambia ushuru unachukuliwa, mbuzi alimtoa, nisichanganye.

Alifariki wakati mimi niko masomoni nje ya mkoa. Mwanawe wa kiume akashuka Morogoro baadaye, akanitafuta mpaka akanipata, na ile nakala ya risiti mfukoni, imefifia lakini inasomeka. Nilifikiri amekuja kudai uzao, nikamtolea daftari nimwonyeshe kila jike lilikokwenda. Alilipitia lote polepole, akaridhika. Halafu akasema hilo siyo lililomleta. Msimu wa kuchonga matuta umekaribia, akataka kujua kama mwaka huu wanafunzi watapanda, maana mama aliacha maagizo wapewe kile chumba cha nyuma.

Nikamwambia ratiba siipangi mimi. Nikachukua namba yake, nikampelekea mwalimu mmoja wa idara, nikamweleza kisa chote, naye akaiandika. Nilimpigia tena kumkumbusha. Akaniambia suala la usafiri bado linazungumzwa.