Uoni kidogo ni wa kutumiwa: mazoezi ya nyumbani kwa mtoto mwenye uoni hafifu

Mtoto anayesogeza kitabu hadi karibu kugusa pua hafanyi kosa. Picha iliyokuwa sentimita 40 kutoka machoni ikiletwa sentimita 10 humwonekea kubwa mara nne, bila lenzi na bila gharama. Macho hayaharibiki kwa kutazama karibu. Hata hivyo nyumba nyingi bado humkaripia: "Kaa mbali, utapofuka!" Mtoto hutii, na kwa kutii anaacha kuona.

Hofu hiyo ina historia. Kwa muda mrefu hata walimu wa wasioona huko Ulaya na Marekani waliamini kuwa uoni uliobaki hupungua ukitumiwa. Mwaka 1964 Natalie Barraga, aliyefundisha watoto wasioona Texas, alionyesha kwamba watoto wenye uoni hafifu wakifundishwa kutazama, huutumia vizuri zaidi uoni waliokuwa nao, ingawa macho yenyewe ni yale yale. Kinachojifunza ni ubongo. Kwa hiyo mazoezi hayaponyi jicho, lakini dawa nayo haiwezi kufanya kazi ya mazoezi.

Hospitali kwanza, hilo halina mjadala. Mboni inayoonekana nyeupe ni dharura: huenda ni mtoto wa jicho (ukungu kwenye lenzi ya jicho), huenda ni saratani ya jicho. Mtoto wa jicho mzito wa kuzaliwa nao hutakiwa kuondolewa mapema, ndani ya wiki 6 hadi 10 za kwanza, kwa sababu ubongo usiopata picha katika umri huo haujifunzi kuona. Hospitali kama CCBRT Dar es Salaam, KCMC Moshi na Kikuyu nchini Kenya hufanya upasuaji huo. Baada yake inakuja miwani, na hapa ndipo wengi hukwama. Lenzi ya bandia inayowekwa badala ya ile yenye ukungu haibadilishi umbo kama ile ya asili, hivyo mtoto huyu hawezi kulenga karibu mwenyewe. Anahitaji miwani yenye sehemu ya karibu, na aivae siku nzima. Kumfanyisha mazoezi bila miwani yake ni kumchosha bure. Kama daktari ameagiza jicho moja lizibwe, fuata saa alizosema, usizidishe.

Kundi linalosahauliwa zaidi ni la watoto ambao macho yao ni mazima ila ubongo umeumia: walikosa hewa wakati wa kuzaliwa, waliugua homa ya uti wa mgongo, au malaria ilipanda kichwani. Mzazi huambiwa "macho hayana shida" na kurudi nyumbani bila jibu. Dalili zake zinajulikana. Mtoto hukodolea dirisha au taa. Huona kinachotembea kuliko kilichotulia. Huvutwa na rangi moja, mara nyingi nyekundu au njano. Hutazama kitu, kisha hugeuza uso pembeni ndipo anyooshe mkono kukichukua. Asubuhi anaona, jioni haoni, watu wakasema anajifanya. Hajifanyi.

Kwa mtoto huyu anza hivi. Chagua kitu kimoja cha rangi moja, mfano kikombe chekundu cha plastiki, kisicho na maandishi wala maua. Tandika kitambaa cheusi kisicho na mapambo, ukutani au mezani. Zima redio. Mama avae nguo isiyo na michoro. Kitenge chenye maua makubwa kikiwa nyuma ya kikombe, kikombe hupotea kabisa. Mkalishe mtoto akiwa ameegemezwa vizuri, shingo imeshikiliwa, maana mtoto anayepigania kichwa kisianguke hana nguvu ya kutazama.

Punguza mwanga wa chumba, elekeza tochi kwenye kikombe, kamwe si machoni. Kiweke umbali wa sentimita 30 hadi 45, usawa wa macho, kwanza upande anaoupendelea. Wengi hawaoni vizuri chini, kwa hiyo usianzie mapajani. Kitikise kidogo, kisha nyamaza usubiri, sekunde 20 au hata 30. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo watu wazima wengi hushindwa: wanaita jina, wanagonga kikombe, wanamgeuza kichwa. Ubongo wake ulikuwa njiani kufika, ukakatizwa. Akishatazama, msifu, kisogeze taratibu pembeni uone kama macho yanafuata, halafu mwache akishike.

Dakika 5 zinatosha, mara tatu au nne kwa siku, akiwa ameshiba na hana usingizi. Akianza kupiga miayo, kulia au kufumba macho, acha. Usiwashe na kuzima tochi haraka haraka, hasa kama ana kifafa. Tumia kikombe kile kile kwa wiki kadhaa. Kila siku kitu kipya ni kurudi mwanzo. Anapokitambua upesi, badilisha jambo moja tu: ongeza umbali, au washa taa ya chumba, au weka kitu cha pili kando. Ukibadilisha yote pamoja hutajua kilichomshinda.

Jihadhari na vitu vyenye sauti. Kayamba likilia na mtoto akageuka, masikio ndiyo yaliyofanya kazi. Ukitaka kujua anachoona, tumia kitu kimya. Kipimo kizuri ni chakula: tawanya bisi chache juu ya kitambaa cheusi, kisha juu ya kitambaa cheupe. Akiziokota kwenye cheusi na kuzipapasa kwenye cheupe, umejua kuwa anahitaji tofauti kubwa ya rangi. Andika daftarini kitu gani, umbali gani, upande gani, alichukua muda gani. Daftari hilo lina thamani kubwa kwa daktari.

Mazoezi mengine yamo ndani ya siku. Ugali mweupe kwenye sahani ya bluu, uji kwenye kikombe chake chekundu kila siku, mstari wa rangi nyangavu kwenye ukingo wa kila ngazi, sabuni ya rangi ndani ya beseni jeupe. Mtoto anatafuta, anaona, anapata. Hahitaji kuambiwa kuwa ni mazoezi.

Shuleni, watoto wenye ualbino hupata hasara kubwa. Macho yao huchezacheza, na wengi huinamisha au kugeuza kichwa upande fulani kwa sababu pembe hiyo huyatuliza. Mwalimu asimnyooshe kichwa. Apimwe miwani, avae kofia yenye ukingo hata darasani kama mwanga unamuumiza, akae mbele dirisha likiwa nyuma yake, na aruhusiwe kusogea ubaoni. Kibao cha kuegemeza kitabu humwokoa na maumivu ya mgongo. Kikuza maandishi cha kuba, kinachokaa juu ya ukurasa, humfaa mtoto mdogo kuliko cha mkono, ambacho hutaka kushikiliwa katika umbali ule ule.

Na mtoto mwenye uoni hafifu asifundishwe nukta nundu (maandishi ya kusomwa kwa vidole, Braille) kwa sababu tu amepelekwa shule ya wasioona. Anayezisoma nukta hizo kwa macho badala ya vidole anaweza kusoma maandishi ya kawaida ya wino. Apewe maandishi makubwa. Kwa wenye uoni hafifu, nukta nundu ni za yule ambaye uoni wake unaendelea kupungua, au anayechoka baada ya mistari michache hata akiwa na miwani na kikuza. Huyo ajifunze vyote viwili mapema, wakati bado anaona.