Goti Jipya, Ahmedabad, na Maneno ya Watu wa Stendi

Watu wangu wa Malaba wana maswali mawili kila wakiniona. La kwanza: goti likoje? La pili huulizwa kwa jicho la pembeni: mzee, ulienda kutibiwa au ulienda kutalii? Leo nawajibu wote kwa mpigo mmoja, maana nimechoka kujieleza kwa kila mtu kwenye kibanda cha chai.

Nilienda kutibiwa. Na kutalii nilitalii. Sioni haya.

Kwa wasionifahamu, nimeendesha trela kati ya Mombasa, Kampala na Juba tangu ujana wangu, mpaka goti la kushoto likagoma. La kushoto ndilo la klachi. Ukiwa kwenye foleni ya mpakani unasogea mita mbili, unakanyaga, unasubiri, unakanyaga tena, usiku kucha. Daktari wa mifupa aliangalia picha akasema gegedu limekwisha, mfupa unasaga mfupa. Nikaacha usukani, nikafungua duka la spea Tororo, lakini hata kusimama nyuma ya kaunta ikawa adhabu. Jamaa yangu mmoja aliyekuwa hawezi kupanda kitanda alikwenda Ahmedabad, jimbo la Gujarat, akarudi anatembea. Nami nikafuata njia aliyopita.

Fedha zilitoka huku na huku: mkopo wa SACCO, kipande cha shamba, na vijana wa stendi ambao waliosha magari Jumamosi nzima ili wanichangie. Mungu awabariki. Na hapo kwenye kuosha magari ndipo maneno yalipoanzia, nitafika.

Makaratasi siyarefushi. Mgonjwa anaomba viza yake ya matibabu na anayemsindikiza anaomba ya kwake. Mimi nilikwenda na binti yangu. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiisahau. Mtu anayetoka Uganda akifika India bila kadi hiyo anaweza kuwekwa karantini, na chanjo inahesabiwa kuanzia siku ya kumi baada ya sindano, kwa hiyo usiende kuchanjwa siku ya kuelekea Entebbe. Uganda Airlines wanaruka moja kwa moja hadi Mumbai tangu Oktoba 2023. Kutoka Mumbai tuliunganisha ndege ya ndani.

Hospitalini nako sina mengi. Nililala, nikaamka na goti la chuma na plastiki, kesho yake wakanisimamisha kwa kile chuma cha miguu minne huku nikiwaita marehemu wote wa ukoo wetu.

Kinachofuata ndicho ambacho hakuna aliyenisimulia kabla ya safari. Ukishatolewa wodini huwezi kurudi nyumbani papo hapo. Unabaki pale pale mjini kwa majuma, kwenye chumba cha kupanga karibu na hospitali. Nyuzi bado hazijatolewa, kuna kliniki, kuna mazoezi, na daktari hakupi barua ya kupanda ndege mpaka aridhike. Sababu yenyewe ni kwamba ukikaa kitako saa nyingi mara baada ya upasuaji damu inaweza kuganda mguuni, na donge likipanda mapafuni huna habari tena. Basi unameza dawa ya kuzuia damu kuganda, unavaa soksi za kubana, unasubiri. Chumba chetu kilikuwa na feni, televisheni ya Kigujarati na dirisha linalotazama ukuta. Katika juma la kwanza nilikuwa nimeukariri ukuta ule ufa kwa ufa.

Dada aliyekuwa akininyoosha mguu ndiye aliyenifukuza chumbani. Alisema kitandani goti linakauka. Tembea mara nyingi, masafa mafupi, sehemu tambarare, ukichoka kaa, halafu utembee tena. Nilimwelewa haraka. Injini mpya huifungii gereji, lakini pia huipakii tani 28 siku ya kwanza ukaipeleka Juba.

Sehemu tambarare Ahmedabad zipo, na iliyo bora kuliko zote ni ukingo wa mto Sabarmati. Wamejenga njia ya waenda kwa miguu pande zote mbili za mto, kilomita na kilomita, sakafu imenyooka, hakuna boda boda wa kukupitia nyuma ya kisigino. Mto wenyewe ungekuwa mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka. Maji unayoyaona yanaletwa kwa mfereji kutoka mto Narmada. Tulikuwa mwishoni mwa mwaka, asubuhi ina baridi ya kuvaa sweta, na wazee wa mji wanatoka kwa makundi kutembea, viatu vya raba na shali. Nikajichomeka humo. Mwanzoni nilitoka benchi moja hadi benchi la pili. Baadaye mabenchi mawili. Baadaye tukafika mpaka daraja la Atal, lile la waenda kwa miguu lililofunguliwa 2022, lenye paa la vitambaa vya rangi linalofanana na vishada. Katikati ya daraja nilijiegemeza kwenye chuma, binti akanipiga picha. Ikumbukeni picha hiyo.

Ni kwenye mabenchi yale tulipokutana na mzee mmoja Mhindi. Tulikuwa tunabishana na binti, mimi nataka turudi, yeye anasema “baba, bado kidogo.” Mzee akageuka.

“Nyinyi natoka wapi?”

Uganda, nikamwambia.

“Uganda wapi?”

Tororo.

Akanyamaza kidogo. “Ile jiwe bado iko?”

Nikamwambia mlima wetu wa jiwe haujahama, na kiwanda cha saruji kipo. Alizaliwa Tororo, baba yake alikuwa na duka la vitambaa. Waliondoka mwaka 1972, Amin alipowapa Waasia siku 90. Wengi wa jamaa zake waliishia Uingereza, yeye wazazi walimrudisha Gujarat, kwenye mji ambao hakuwa ameuona. Nilitegemea atanisimulia mambo ya Amin. Wapi! Alitaka kujua kama embe za Tororo bado ni tamu na kama mvua ya alasiri bado ina radi ile.

Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, cha kuamuru. Leta. Weka. Ngoja. Haraka. Alikiokota kwa kumsikiliza baba yake akiongea na wafanyakazi, na nadhani mmoja wa wafanyakazi hao angeweza kuwa mjomba wangu. Kusema kweli siku ya kwanza kilinikera. Lakini tukaanza kutembea pamoja kila asubuhi, na maneno yale yale yakawa mazoezi yangu: “Leta mguu. Weka. Polepole, wewe! Ngoja. Leta ingine.” Watu wanapita, wanatazama Mhindi anavyomfokea Mwafrika mwenye bakora, na sisi tunacheka hadi machozi.

Yeye ndiye aliyetuelekeza pa kwenda. Wakala mmoja alikuwa akizunguka nyumba za wagonjwa na vipeperushi: Taj Mahal, Sanamu ya Umoja, gari lipo, lipa nusu sasa. Taj Mahal iko Agra, zaidi ya kilomita 800 kutoka pale. Ile sanamu, mita 182, ndefu kuliko zote duniani, iko ndani ya Gujarat lakini ni kama kilomita 200 kwenda. Mtu ana nyuzi mguuni unamwuzia saa nne za kukaa kwenye kiti cha nyuma! Nimeendesha maisha yangu yote, najua kiti kinavyoutesa mguu mzima, sembuse uliopasuliwa.

Tulikwenda karibu karibu tu, kwa riksho, zile bajaji zao. Madereva wa riksho wa Ahmedabad wana honi lakini hawana hasira, jambo ambalo wenzetu wa Kampala wangeweza kulichukua. Ijumaa nilisali katika msikiti wa Sidi Saiyyed, uliojengwa 1572 hadi 1573 na Mhabeshi aliyekuwa mkuu katika utawala wa masultani wa Gujarat. Ndiyo, Mwafrika mwenzetu. Madirisha yake ni jiwe lililotobolewa tobotobo, na moja lina mti ambao matawi yake yamejisokota hadi hujui lipi limetokea wapi. Jua likiingia unaona nyuma ya jiwe kijani cha miti ya nje. Nilisali kwenye kiti cha plastiki pamoja na vizee wenzangu wa magoti, safu nzima ya viti. Baada ya hapo tukaingia kichochoro cha Bhatiyar Gali kutafuta nyama, maana kule kwingine ni dengu na mboga mpaka ndoto zikawa za kijani. Dengu zao wanazitia sukari. Jamani.

Kwenye ashram ya Gandhi, yaani makao yake na wafuasi wake, kando ya mto huo huo, hakuna kiingilio. Aliishi hapo kuanzia 1917, na tarehe 12 Machi 1930 akatoka kwa miguu kwenda Dandi, pwani, kupinga kodi ya chumvi. Karibu kilomita 390, siku 24, akiwa na umri wa miaka 60. Nilipiga hesabu kwa barabara zetu: ni kama kutoka Tororo hadi Lyantonde, na fimbo mkononi. Nilitazama bakora yangu nikaona aibu ndogo. Sisi wa njia ya Jinja tumezoea kupita bila kujua kwamba sehemu ya majivu yake ilimwagwa pale kwenye Nile mwaka 1948. Chumba chake kimeachwa na meza fupi ya sakafuni na gurudumu la kusokotea nyuzi. Kukaa chini sikuweza, nikakaa kibarazani nikala karanga.

Sasa Adalaj. Huko ndiko nilikotaka kufika na ndiko nilikoogopa. Ni kisima, lakini kisima cha kushuka kwa ngazi, ghorofa tano kwenda chini ya ardhi, kilichokamilika mwaka 1499, kaskazini kidogo ya mji. Juu unaona shimo tu na uwanja wa nyasi. Ukisogea, ardhi inafunguka: nguzo juu ya nguzo, kila jiwe limechongwa maua, tembo, vyungu. Wanawake wa zamani walishuka kuchota maji na kupumzika humo kwa sababu ya ubaridi.

Kanuni ya ngazi nilifundishwa hospitalini: kupanda, mguu mzima utangulie, kushuka, mguu uliopasuliwa utangulie. Binti akasimama ngazi moja chini yangu, kama alivyoelekezwa, yaani nikianguka nimwangukie yeye. Bakora kulia, mkono wa kushoto ukutani. Jiwe la ngazi limelika katikati kwa nyayo za miaka 500, kwa hiyo unatafuta ukingo. Mguu wa kushoto chini. Goti likapiga kelele. Wa kulia ukafuata. Watoto wa shule wakatupita mbio kama mbuzi, mmoja akarudi kunishika kiwiko bila kuombwa. Nilipofika kwenye kituo cha kwanza shati lilikuwa limelowa, na hapo hapo nikasikia hewa ya chini ikinipiga usoni, baridi, ina harufu ya maji na jiwe. Nikakaa kwenye kizingiti. “Mama, nenda mpaka chini,” nikamwambia binti, “uniangalizie.” Nilikaa pale muda mrefu. Ngazi za kupanda zilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani.

Turudi kwenye picha ya darajani. Niliiweka status. Kabla ya jioni, kwenye kundi la stendi mtu akaandika: “Kumbe tuliosha magari mzee akapige picha.” Wengine wakaweka vicheko. Nilikasirika, sikujibu. Binti akataka kujibu, nikamzuia.

Jibu langu ni hili. Chumba kilikuwa kimelipiwa, nilale au nitembee. Daktari aliniandikia kutembea kama alivyoniandikia vidonge, na vidonge hakuna aliyeninung'unikia. Nauli za riksho na karanga zilitoka dukani kwangu. Na mgonjwa aliyechangiwa hakuapa kukunja uso mpaka arudi. Mnapomchangia mtu goti, mlidhani atalifanyia nini?

Nilirudi salama. Nilichukua kiti cha kando ya njia ili niweze kusimama kila saa, mashine za uwanja wa ndege zililia kwa ajili ya goti, nikaonyesha barua, nikapita. Leo nafika sokoni kwa miguu.

Goti la kulia nalo limeanza kulia. Daktari anasema linaweza kusubiri. Mzee wa Tororo ananiandikia kwamba nikirudi nije Januari, tarehe 14, siku ya vishada, mji mzima unapanda juu ya mapaa kushindana kukatana nyuzi. Safari hiyo sitaki mtu aoshe gari. Nimeanza kuweka akiba SACCO, na kwenye daftari la makadirio fungu la kutembea nimelitengea mstari wake, chini ya tiketi na juu ya dawa.