Kofia ya Mzee kwenye Slap Shot

Nikitaja Johnstown kwa Watanzania wenzangu, lazima nianze kueleza ni wapi. Ni mji wa Pennsylvania, Marekani, uliojibana bondeni pale mito miwili inapokutana, milima imeubana kila upande. Uliinuliwa na viwanda vya chuma. Wenyeji husimulia mafuriko kama wazee wetu wanavyosimulia vita: yale ya 1889 yaliyoua watu 2,209, yale ya 1936, yale ya 1977. Ukikaa nao wiki moja unajua maji yalifika ghorofa ya ngapi mwaka gani.

Nilifika kusoma Agosti 2003. Kufikia Januari nilikuwa nafanya usafi wa usiku chuoni pamoja na mzee wa miaka sitini na kitu, aliyekuwa ametumikia chuma tangu ujana wake mpaka tanuri zilipozimwa. Kila mtu alimwita kwa jina lake la kwanza, hata vitoto vya mwaka wa kwanza. Mimi ulimi ulikataa. Nikamwita Mzee. Alipouliza maana yake nikamweleza, akafurahi sana, na tangu siku hiyo akajiita mwenyewe "Muzi".

Jumamosi moja akaniambia usiku kutakuwa na mechi ya magongo ya barafuni pale War Memorial, ukumbi wa mji, na kwamba nitakwenda naye. Nikakubali. Akainua kidole: kabla ya mechi, filamu. Alilisema hilo kama mtu anayemwambia mtoto anawe mikono kabla ya kula.

Kwake nilikuta joto la jiko na sahani ya pierogi, yaani viazi vilivyopondwa na kufungwa ndani ya unga, sambusa za kuchemsha kama unaweza kufikiria kitu kama hicho. Mkewe, mama mwenye nyumba, akaniongezea mara tatu bila kuniuliza. Ugenini huko, hilo peke yake lilinifanya nijisikie nyumbani. Mzee akatia mkanda kwenye deki. *Slap Shot*, ya 1977, Paul Newman ndani yake.

Mimi nimekulia kwenye vibanda vya video. Filamu kwetu ilikuwa na sauti ya tatu, ya mtafsiri, Lufufu akikuhadithia kung'fu ya Kichina kana kwamba mambo yenyewe yalitokea Manzese jana. Kwa hiyo nilipoona Mzee anatamka kila neno nusu sekunde kabla ya waigizaji, nilitulia. Nimempata Lufufu wa Pennsylvania.

Filamu inaanza na kipa akihojiwa kwenye televisheni. Anaeleza makosa ya mchezo: ukimchoma mwenzio kwa gongo, unakwenda kukaa kibandani dakika mbili, peke yako, unaona aibu, kisha unaachiwa. Nilimshukuru, maana sheria hizo nilikuwa sizijui. Tena ni kipa, na baba yangu alikuwa kipa. Alidakia timu ya kiwanda cha nguo, Morogoro, enzi ambazo kila kiwanda kilikuwa na timu na mchezaji aliandikwa kwenye daftari la mishahara kama fundi wa mitambo.

Hadithi yenyewe ni ya timu dhaifu, Charlestown Chiefs, katika mji wa kubuni ambao kiwanda chake kinafungwa na watu 10,000 wanapoteza kazi. Newman ni Reggie Dunlop, kocha na mchezaji kwa pamoja, umri umemtupa mkono. Anagundua kwamba wakipigana uwanjani watu wanajaa. Kisha wanaletwa ndugu watatu, akina Hanson, miwani mizito ya fremu nyeusi, nywele mabegani, wanasafiri na magari ya kuchezea kwenye mabegi yao. Siku ya kwanza ya kuchezeshwa wanajifunga vidole kwa karatasi ya alumini, ile ya kufunikia nyama jikoni, ili ngumi ziwe nzito. Hawajamaliza dakika moja barafuni, nusu ya wapinzani wako chini.

Nilicheka mpaka pierogi ikaniingia puani. Mzee akasimamisha mkanda ili nisikose kitu, akanipigapiga mgongoni, na hapohapo akanipa darasa. Wale ndugu ni wachezaji kweli. Steve na Jeff Carlson na Dave Hanson walichezea Johnstown Jets, timu halisi ya mji. Carlson wa tatu, Jack, ndiye alipaswa kuigiza, lakini timu ya Edmonton ikamwita kazini, ndipo Hanson akaingia nafasi yake. Na matusi yale yote, yaliyomfanya mama mwenye nyumba anyanyuke kwenda kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi, yaliandikwa na mwanamke. Nancy Dowd. Kaka yake, Ned, alikuwa mchezaji wa Jets; akawa anabeba kinasa sauti kwenye chumba cha kubadilishia nguo na kwenye basi, dada mtu akaandika alivyosikia. Ndiyo maana hawazungumzi kama watu wa sinema.

Tukaendelea. Ikafika sehemu ambayo meneja, katika kuhangaikia vijisenti, anawapeleka wachezaji kwenye maonyesho ya mavazi. Manguli wale wenye mapengo wanatembezwa jukwaani wamevishwa nguo za duka. Mzee alikuwa anajipiga paja. Mimi kicheko kikakwama.

Msimu wa mwisho wa timu ya baba, kiwanda hakikuwa na fedha ya posho. Kikawalipa kitambaa. Baba alirudi na jora mbili begani, rangi ya kahawia yenye maua ya chungwa, rangi ambayo nadhani sokoni ilikataliwa ndiyo ikawaangukia wao. Mama hakutupa kitu. Mwaka ule tulivaa maua ya chungwa sote sita, mapazia yakawa maua ya chungwa, mfuko wangu wa madaftari, hata foronya. Shuleni niliitwa Pazia. Baba alishonewa shati na akalivaa mazoezini, kwa hasira ama kwa mzaha, sijawahi kumuuliza. Miezi michache baadaye kiwanda kikafungwa, timu ikafa nayo. Glavu zake zilining'inia msumarini mpaka panya walipozimaliza.

Kwa hiyo filamu ya vichekesho ikanigeukia. Kuna mahali Reggie anafunga safari kumtafuta mwenye timu, ambaye hakuna anayemjua. Anamkuta mama mmoja nadhifu, nyumba nzuri, watoto wake wanaendelea na yao. Reggie amezunguka mji mzima akieneza uongo kwamba timu inauzwa Florida, mpaka mwenyewe ameanza kuuamini. Yule mama anamwambia kweli timu ingeweza kuuzika, ila mhasibu amemwonyesha kwamba kwa upande wa kodi ana nafuu zaidi akiivunja. Hana ubaya wowote usoni. Ni hesabu tu.

Hapo Mzee hakutamka maneno mbele ya waigizaji. Alinyamaza. Nikamwangalia kwa pembeni, alikuwa anakuna goti.

Kisha akashtuka: "Subiri, subiri!" Akarudisha mkanda nyuma, akausimamisha kwenye umati wa mashabiki jukwaani. Walipiga picha palepale Johnstown na wenyeji ndio wakawa watazamaji. Akaweka kidole kwenye kioo. "Mimi huyu." Niliona kofia ya bluu, chini yake ukungu. Nilisema namwona. Mkewe akapiga kelele kutoka jikoni kwamba kwa miaka ishirini na saba kofia ile imekuwa ikihama, mwaka huu iko kushoto.

Mwisho wa filamu sitausimulia wote. Mchezaji mmoja anavua nguo barafuni na ubingwa unapatikana kwa njia ambayo hakuna shirikisho lingeikubali. Ilipotoka, Februari 1977, wahakiki wengi hawakujua waiweke wapi, na mwaka ule watu walikuja kupanga foleni kwa ajili ya Star Wars. Waliookoa *Slap Shot* ni wachezaji wenyewe. Ilizunguka kwenye mabasi ya timu, mkanda unachezwa mpaka unachuja. Jets, timu ya kweli, ilivunjika mwaka uleule wa 1977, na Julai mafuriko yakaja kumalizia. Mji ulipokuja kupata timu nyingine ya kudumu, mwaka 1988, wakaiita Chiefs. Timu ya kubuni ndiyo ikairithisha jina ya kweli.

Hao Chiefs ndio tuliokwenda kuwaona. War Memorial ni ukumbi wa watu 4,000 hivi, mdogo, barafu iko karibu na wewe kiasi kwamba mtu akibamizwa kwenye uzio unahisi kwenye meno. Nilijitahidi kufuatilia kile kisahani cheusi, sikukiona hata mara moja. Nilijua goli limeingia kwa kuwaangalia watu. Vijana watatu mbele yetu, ambao filamu ilipotoka walikuwa hawajazaliwa, walivaa miwani ya akina Hanson, ya bandia, bila vioo. Tulifungwa. Mzee alisema ndivyo ilivyo siku zote, akaninunulia kofia. Ya bluu.

Jumapili nikakwangua kadi ya simu nikampigia baba Morogoro. Nikamhadithia filamu yote, nikimrukisha matusi. Kwenye karatasi ya alumini alicheka mpaka akakohoa, akataka nirudie. Nilipofika kwa yule mama mwenye timu, upande wa pili ukawa kimya, nikadhani laini imekatika.

"Sasa wale wachezaji ikawaje?"

"Yule kocha anapata kazi timu nyingine, Minnesota, baba. Anasema atawachukua wenzake."

"Wote?"

"Ndivyo anavyosema."

"Na kipa?"

"Na kipa, baba."

Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Na sisi katibu wetu alisema hivyohivyo."