Boya Lililojaa Maji

Julai 2012 nilikuwa na miaka 23, cheti changu cha ufundi wa maji bado kinanukia wino, na spana mbili za bomba nilizonunua kwa pesa yangu mwenyewe pale Mwanga, Kigoma mjini. Nilikuwa msaidizi wa fundi mkuu kwenye mradi mmoja wa maji ya mserereko, vijiji vya milimani, ukipita Mwandiga unapanda kuelekea Manyovu. Kijiji chenyewe sitakitaja. Wenyewe wapo, na wengine hadi leo wakiniona hucheka kabla ya kunisalimia.

Asiyeijua Kigoma hudhani huku maji hayawezi kuwa shida. Ziwa Tanganyika lile pale! Asubuhi isiyo na ukungu ukisimama kwenye mgongo wa mlima unaliona, na milima ya Kongo imelala ng'ambo. Lakini ziwa liko mita 770 hivi kutoka usawa wa bahari, na sisi tulikuwa juu yake kwa zaidi ya mita 700. Kila mita 10 za kupandisha maji zinadai baa 1 ya presha, hiyo ni kabla hujahesabu msuguano wa bomba. Baa 70, na dizeli ya kufilisi kijiji kizima. Waliojenga mradi ule walitumia akili: wakapanda juu kuliko watu, wakaikuta chemchemi msituni, wakaijengea, wakayaacha maji yateremke yenyewe.

Kuteremka nako kuna deni lake. Kutoka chanzo hadi bondeni, mahali bomba lilipovuka kijito kabla ya kupanda kidogo kwenda kwenye tenki la kijiji cha chini, palikuwa na anguko la mita 184. Bomba letu lilikuwa PVC la inchi 3, la daraja la baa 10, yaani presha isizidi hapo. Kwa hiyo katikati ya mteremko palijengwa chemba ya kupunguza presha. Ni kisanduku cha zege tu chenye mfuniko. Maji yanaingia, yanakutana na hewa, presha yote inaishia pale, kisha yanatoka upande wa pili na kuanza safari upya kama vile ndiyo kwanza yametoka chemchemini. Mita 92 juu ya chemba, mita 92 chini yake. Mlangoni pa kuingilia pana valvu ya boya, sawa na ile ya tangi la choo cha kuvuta ila kubwa zaidi: chemba ikijaa boya linaelea, linafunga.

Chemba yetu ilikuwa inamwaga. Usiku na mchana maji yalitoka kwenye bomba la kufurikia, yakateremka hadi kwenye migomba ya mzee mmoja ambayo, nakwambia, kiangazi kile ilikuwa na majani ya masika. Kule chini tenki lilikuwa linakauka saa sita mchana. Kina mama waliopanda kwenda mashambani waliyaona maji yakipotea, wakarudi wakakuta ndoo zao zimepangwa foleni kwenye kilula kikavu, lile bomba la umma la kuchotea maji. Utawaambia nini?

Siku hizo RUWASA, wakala wa maji vijijini, haikuwapo, ilikuja na sheria ya mwaka 2019. Tulikuwa na kamati ya maji ya kijiji, na fundi mkuu. Fundi alipata msiba Kasulu, akaondoka kwa siku tatu. Aliniagiza neno moja: "Angalia vilula. Vingine viache."

Siku ya pili mwenyekiti wa kamati alinifuata na watu kama kumi nyuma yake.

"Fundi, wewe umesoma. Yale maji pale kwenye sanduku yanamwagika kwa faida ya nani?"

Hakuna aliyewahi kuniita fundi kabla ya siku ile. Hapo ndipo nilipopotea.

Nilifunua mfuniko. Boya lilikuwa limezama. Nililivuta juu, nikalitikisa, nikasikia maji ndani yake, chubwi chubwi. Nakumbuka vizuri kwamba nililitikisa mara mbili. Boya lenye maji tumboni haliwezi kuelea, lisipoelea halifungi, lisipofunga chemba inamwaga milele. Ugonjwa ulikuwa mkononi mwangu, mzito kama kilo moja. Lakini boya jipya lilikuwa mjini, na watu kumi walikuwa wananitazama. Nikafungua valvu na boya lake nikaviweka kando, nikachukua kipande cha bomba na viungio viwili, nikaunganisha mdomo wa kuingilia na mdomo wa kutokea moja kwa moja. Maji yakaruka chemba kana kwamba haipo. Kumwaga kukakoma papo hapo. Watu wakapiga makofi.

Kule chini maji yalitoka kwa nguvu ambayo watoto wa pale hawakuwahi kuiona. Ndoo ya lita 20 ilijaa kabla mwenye ndoo hajamaliza kusalimiana. Jioni nililetewa kuku. Nililala nimeshiba, nikiwaza namna nitakavyomweleza fundi mkuu, kwa unyenyekevu kidogo, kwamba tatizo lililomshinda mwaka mzima nimelimaliza kwa saa moja.

Kilichokuwa kinaendelea nikiwa usingizini nilikuja kukielewa baadaye. Mchana bomba lilikuwa salama, kwa sababu maji yakienda kasi yanaacha presha yao njiani, yanaila kwenye msuguano. Lakini usiku vilula vinafungwa, na maji yote yanaingia tenkini. Siku zote tenki lilikuwa halijai hadi alfajiri. Usiku ule, kwa ufundi wangu, lilijaa mapema. Boya la tenki, lile lilikuwa zima, likapanda likafunga. Maji yakasimama kutoka bondeni hadi chemchemini, mstari mmoja, mita 184. Maji yaliyosimama hayapotezi kitu. Baa 18 na ushee zikakaa juu ya bomba la baa 10.

Kama saa nane usiku nilisikia mlio. Nilidhani ni mti umeanguka. Kisha mbwa, kisha sauti kama mvua kubwa, na Julai milimani kwetu hakuna mvua.

Bomba lenyewe halikupasuka. Ilikuwa kona, pale linapokata kuelekea tenkini. Kona ya bomba huzuiwa na bonge la zege, maana maji yanataka kwenda moja kwa moja na kona inayakatalia. Mvua za masika zilikuwa zimekula udongo nyuma ya bonge lile, na hakuna aliyeshuka kulitazama, hata mimi. Kona ikachomoka kwenye raba yake. Nilipofika na tochi, maji yalikuwa yanaruka kupita urefu wa mgomba, na chini yake shamba la maharagwe ya bondeni, yaliyokuwa ndiyo kwanza yana majani manne, lilikuwa linaondoka na udongo wake kuelekea kijitoni.

Ilibidi nipande kwa miguu hadi kwenye koki iliyo juu ya chemba. Karibu saa nzima gizani, na nyuma yangu mto wangu unaunguruma.

Alfajiri mwenye shamba alikuwa amesimama pale, bibi mmoja mfupi, khanga kichwani, jembe begani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mto huu umeuleta wewe?"

Nikasema ndiyo. Sikuwa na jingine la kusema, suruali yangu ilikuwa na matope hadi kiunoni.

Fundi mkuu alirudi siku ile ile. Habari zilimfikia njiani. Niliandaa maneno ya kujitetea lakini hakuuliza kwa nini. Aliangalia chemba, akaangalia kona, akaniambia nitoe kile kipande changu cha bomba. Tulichimba, tukaunganisha kona, tukamwaga bonge jipya la zege lililoegemea udongo mgumu, tukaliacha likauke siku saba huku kijiji cha chini wakichota kijitoni na kunitazama. Siku ya nane, boya jipya likiwa tayari chembani, akafunga geji ya presha kwenye koki ya kutolea matope pale bondeni, akapeleka kijana mmoja tenkini.

"Soma."

Maji yalikuwa yanaenda. Mshale ulikuwa kwenye 4.

Akampigia kijana simu: "Funga polepole." Mshale ukaanza kupanda. 5. 6. Nilidhani utasimama kwenye 7. Ukaenda hadi 9 na kidogo, ukatulia, unatetemeka kama mtu mwenye homa.

"Na hiyo ni nusu," alisema. Akachukua kijiti, akanifanya nipige hesabu mavumbini: bomba lina milimita 90 nje, eneo lake karibu sentimita za mraba 64, presha baa 18, kona ya nyuzi 90. Nilipata zaidi ya kilo 1,600 zinazoisukuma kona kutoka. Nikarudia nikidhani nimekosea nukta. Jibu lilikuwa lile lile.

"Lori dogo," akasema. "Uliliegesha hapo ukaenda kula kuku."

Boya jipya liligharimu shilingi 8,000. Maharagwe ya bibi, kwa bei tuliyokubaliana mbele ya mwenyekiti, yalikuwa debe moja, shilingi 28,000, nikakatwa kwenye posho. Zaidi ya hapo nilimlimia siku tatu, nikarudisha udongo kwa karai kutoka kijitoni hadi shambani. Mzee wa migomba hakunisemesha kabisa kiangazi chote. Kwake mimi ndiye niliyeua shamba.

Boya la zamani bibi aliliomba. Nilidhani anataka kuwapa wajukuu wachezee. Mwezi wa Septemba nilipita kwake kumsabahi, akanikaribisha kibarazani na kuingia ndani kuniletea maji ya kunywa. Alikuwa amelikata boya katikati, nusu moja akaitia mpini wa mti ikawa kata ya mtungi. Nusu nyingine ilikuwa uani, kuku wake wakinywea.

"Kunywa, mjukuu wangu," alisema. "Sasa linajua kazi yake."