Siku ya hukumu: saa kwa saa na mteja wangu wa kesi ya mauaji

Saa 11 alfajiri. Nimeamka kabla ya simu kulia. Leo inasomwa hukumu ya mteja niliyepangiwa na mahakama. Amekaa mahabusu miaka minne, maana kosa la mauaji halina dhamana. Nasoma tena majumuisho yangu, hoja za mwisho nilizompa jaji. Kurasa zote 11 zinagombania jambo moja: alikusudia, au hakukusudia.

Hapo ndipo uhai wake ulipo. Ukiua bila kukusudia, jaji ana nafasi ya kupima adhabu, hata ikifika kifungo cha maisha. Ukitiwa hatiani kwa kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 197 kinamwachia jaji adhabu moja tu: kunyongwa hadi kufa.

Saa 2 na nusu. Nimemkuta mahabusu ya mahakama, shati limepigwa pasi. "Wakili, wakiniuliza mwishoni niseme nini?" Nikamwambia aseme lililo moyoni. Sikuwa na moyo wa kumweleza kwamba tukishafika huko, maneno yake hayatapunguza chochote.

Nje amekaa mama yake. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Marehemu naye ni mwanawe, wa kwanza. Ndugu wawili waligombea mpaka wa shamba, panga likatoka. Mama akaniuliza, "Na mimi jaji ataniuliza?" Ndiye mfiwa, ndiye mzazi wa mshtakiwa, na sheria haina mahali pa kumuuliza anataka nini.

Saa 3. Jaji amesoma karibu saa mbili. Alipima kusudio kama Mahakama ya Rufani ilivyotufundisha: silaha gani, nguvu kiasi gani, sehemu gani ya mwili, mapigo mangapi. Panga, kichwani, mara mbili. Pigo la pili marehemu alikuwa ameshaanguka. Tangu siku daktari alipotoa ushahidi nilijua pigo hilo ndilo litakalotumaliza. Sina ugomvi na jaji kwa namna alivyoupima ushahidi.

Saa 5. Ana hatia. Wakili wa Serikali akasema mteja wangu hana kumbukumbu ya makosa ya nyuma. Nikasimama: mkosaji wa mara ya kwanza, amejuta, alijisalimisha mwenyewe. Jaji aliandika kila neno, kisha akasema sheria haimpi chaguo. Mteja wangu alisema, "Namwomba mama anisamehe." Adhabu ikatamkwa. Haikuchukua hata dakika moja.

Kwenye ngazi mama alinishika mkono. "Watamnyonga lini?" Nilimweleza kwamba hapa Tanzania hakuna aliyenyongwa tangu 1994, kwamba bila saini ya Rais hakuna kitanzi, na kwamba tunakata rufaa. "Kwa hiyo atakaa anangoja tu?" Ndiyo mama. Atakaa anangoja.

Saa 8 mchana. Taarifa ya kusudio la kukata rufaa nina siku 30 za kuiwasilisha, lakini sitaki ilale mezani. Nimefungua tena shauri la Mbushuu. Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu alisema adhabu hii inavunja Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba ni ya kikatili na ya kudhalilisha, ila ikasema Katiba inairuhusu. Kila nikiisoma sentensi hiyo hunibidi niirudie. Kisha nikafungua uamuzi wa Novemba 28, 2019 wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha: kumlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo kunavunja haki ya kuishi, na Tanzania iliondoe sharti hilo kwenye sheria yake. Jaji wa leo mikono yake bado ilikuwa imefungwa.

Saa 3 usiku. Mama amepiga simu. Amefika salama, amewalaza wajukuu: watatu wa marehemu, mmoja wa mfungwa. Anataka kujua siku za kuwaona wafungwa. Nimemwambia nitampigia kesho nikitoka gerezani.